Mateka wa Tobruk

Sikilizeni, ndugu zangu, habari za Job Maseko, mtu wa Springs katika nchi ya Afrika ya Kusini. Vita vilipoanza mwaka 1939, serikali ya nchi ile iliwaandika Waafrika jeshini, lakini haikukubali washike bunduki. Walikuwa madereva, wapishi na wachukuzi wa majeruhi. Na waliowekwa kulinda walipewa mikuki.

Tarehe 21 Juni 1942 mji wa Tobruk, katika pwani ya Libya, ulianguka mikononi mwa Wadachi na Wataliani. Askari zaidi ya 30,000 walitekwa, na Maseko miongoni mwao. Wazungu wengi walivushwa bahari kwenda kufungwa Italia. Waafrika walibakizwa kufanya kazi bandarini. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1929 yalikataza kumtumia mateka katika kazi za vita, lakini Maseko na wenzake walishurutishwa kupakua shehena za adui.

Mtu huyu alikuwa na ujuzi wa baruti alioupata migodini. Akatwaa mkebe mdogo, akakusanya baruti ya risasi kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Akatia utambi mrefu. Mnamo tarehe 21 Julai, wenzake waliwashughulisha walinzi, naye akaushindilia mkebe katikati ya mapipa ya petroli ndani ya chombo, akawasha utambi, akatoka. Baadaye palisikika mshindo mkuu, chombo kikawaka moto, kikazama.

Kisha alitoroka. Alitembea jangwani kwa muda wa majuma matatu hivi, mwendo wa maili 300, hata akafika El Alamein kwa majeshi ya upande wake.

Alipewa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa wake. Lakini aliporudi kwao, sheria za ubaguzi zilikuwa zile zile alizoziacha. Akafa mwaka 1952 kwa kugongwa na gari la moshi. Mwaka 1997, baada ya utawala ule kwisha, manowari moja ya nchi yake ilipewa jina lake.

Basi, tufikirini jambo hili: mtu aliyenyimwa bunduki na watu wake mwenyewe alizamisha chombo cha adui kwa mkebe. Waliomhesabu kuwa si askari kamili walikosea hesabu yao.