Utohozi: Riwaya Inapogeuka Filamu

Mwanafunzi wa Kiswahili wa kidato cha tano mkoani Singida, awe Kiomboi, Manyoni au pale mjini penye maziwa ya Singidani na Kindai, mara nyingi hulijua eneo la Ng'ambo la mjini Zanzibar kupitia Vuta n'kuvute kabla hajaiona bahari. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ikaingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vya kidato cha tano na sita. Mwaka 2021 ikapatikana filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Amil Shivji. Wengi huishia kusema ni "filamu iliyotokana na kitabu". Istilahi inayofaa ni utohozi.

Si tafsiri. Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alibadili lugha ya Shakespeare, lakini tamthilia ikabaki kuwa tamthilia. Shivji amefanya kinyume chake: Kiswahili kimebaki, umbo ndilo lililobadilika.

Wanafunzi wanalijua neno utohozi kutoka somo la uundaji wa maneno. Kiswahili kilitohoa kitab kutoka Kiarabu, kikaongeza irabu mwishoni, kisha kikafanya jambo kubwa zaidi: kikaichukua ki- ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu, wingi ambao Mwarabu hana, kwani yeye husema kutub. Hapo ndipo ilipo nguvu ya istilahi hii. Kinachotoholewa hutii sarufi ya kinakoingia, na huko huzaa kitu ambacho asili haikuwa nacho.

Filamu nayo ina sarufi yake. Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmin taratibu: anaozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi sana umri, anapelekwa Mombasa, anatoroka na kurudi Unguja, ndugu zake wanamkataa, anapata hifadhi kwa Mwajuma, na ndipo anapokutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Filamu ina takriban saa moja na nusu tu. Shivji na Jenna Bass, walioandika mswada pamoja, wakawakutanisha Yasmin na Denge usiku ule binti anapopelekwa kuolewa. Safari ndefu ikafupishwa, penzi na siasa vikaanza kwa pamoja.

Msomaji aliyezama kitabuni ana haki ya kulalamika. Katika riwaya tunaona jinsi Yasmin anavyokomaa hatua kwa hatua, na ujasiri wake una historia ndefu nyuma yake. Hilo limepungua. Lakini ipo faida isiyoweza kupatikana kwenye karatasi: Mwajuma wa filamu ni Siti Amina, mwimbaji wa taarabu hasa. Adam Shafi alilazimika kuueleza uimbaji kwa maneno. Mtazamaji wa Singida, ambaye huenda hajawahi kukaa kwenye hafla ya taarabu Unguja, anaisikia sauti yenyewe.

Kwa hiyo swali la kama filamu "imefuata kitabu" halitoshi. Linalofaa darasani ni hili: kipi kimebadilishwa, kwa sababu gani ya kisanaa, na maana imeguswaje? Akiulizwa kuhusu riwaya katika mtihani, mwanafunzi aeleze habari za Mombasa na Bwana Raza kama zilivyo kitabuni, asijibu kwa tukio aliloliona kwenye skrini.

Istilahi hii ina kazi nyingine karibu zaidi na nyumbani. Ngano ya Kinyaturu au Kinyiramba ikiandikwa kwa Kiswahili, hiyo ni tafsiri. Vijana wa Singida wakiichukua ngano hiyo na kuitengenezea filamu fupi, wakaamua nani aonekane, nani asikike tu na wapi simulizi ikatwe, wanatohoa, na jina la bibi au babu aliyewasimulia linastahili kuandikwa mwanzoni mwa filamu, panapoandikwa jina la mtunzi.