Mahitaji ya mchezo wa tarakilishi: Yaaminiwe kwa kiasi gani?

Kijana wa Ruiri, kaunti ya Meru, anayetaka kununua tarakilishi iliyotumika ofisini ili aichezee michezo, huongozwa na orodha ya mahitaji inayochapishwa na watengenezaji wa mchezo. Orodha hiyo kwa kawaida haidanganyi, ila haisemi yote.

"Kiwango cha chini" mara nyingi humaanisha kuwa mchezo utafunguka na kuchezeka, si kwamba utapendeza. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji. Kila kampuni hujiamulia. Idadi ya picha kwa sekunde, ambayo ndiyo humtofautishia mchezaji raha na karaha, aghalabu haitajwi.

Tazama Cyberpunk 2077. Ulipotoka Desemba 2020, ulihitaji angalau kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya kawaida. Mnamo 2023, watengenezaji wake, CD Projekt Red, walipandisha kiwango hicho hadi gigabaiti 12 na diski ya SSD. Aliyenunua mashine kwa kufuata orodha ya awali akajikuta pungufu. Hata hivyo, orodha mpya ilitaja waziwazi kasi ya kutarajiwa: picha 30 kwa sekunde.

Mtego mkubwa zaidi ni kadi ya michoro. Tarakilishi nyingi za ofisi hazina kadi ya pekee. Huazima kumbukumbu ya mashine yenyewe. Muuzaji akisema ina gigabaiti 8, hasemi uongo.

Duka la Steam hurejesha pesa zikiombwa ndani ya siku 14, mradi mchezo haujachezwa kwa zaidi ya saa mbili. Bando lililotumika kupakua gigabaiti 70 halirejeshwi.