Polisi Aliyechoka na Lugha ya Amri: Kisa cha Arua na Koboko

Mwaka 1981 Mfaransa Bertrand Tavernier alitoa filamu iitwayo Coup de torchon. Aliichukua riwaya ya Mmarekani Jim Thompson ya mwaka 1964, akaihamishia katika mji mdogo wa Afrika Magharibi iliyotawaliwa na Ufaransa, mwaka 1938. Mhusika mkuu ni polisi aliyechoka, anayedharauliwa na kila mtu; kisha anaanza kuua kwa siri. Fundisho lake ni wazi: mlinzi wa sheria akiwa ndiye mvunjaji wake, raia hana pa kushtaki.

Wakati huohuo, katika West Nile ya Uganda, jambo hilo halikuwa filamu. Idi Amin alikuwa amepinduliwa mwezi Aprili 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka wakaishambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali liliporudi, liliwalipizia kisasi raia. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua.

Kwa nini kisa hiki kituhusu sisi walimu? Kwa sababu majeshi yote mawili yaliamrishwa kwa Kiswahili. Aliyekimbia na aliyemfukuza walielewana vizuri mno.

Hali hiyo haikuzuka kwa bahati. Arua ilianza kuwa kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1914, na vijana wengi wa huko waliingia jeshini na katika polisi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikiondoa Kiswahili katika shule za Uganda, lakini ikakiacha katika polisi. Hivyo raia wengi walikutana nacho kwenye kizuizi cha barabarani kabla ya kukutana nacho darasani. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alifanya hivyo kwa amri, na chuki ikazidi.

Hata hivyo, Kiswahili cha huko kina mzazi wa pili, nalo ni soko. Koboko ipo penye mpaka wa Kongo na Sudan Kusini. Wachuuzi wa Kikakwa, Kilugbara na Kinubi hukitumia pamoja na lugha zao katika kupatana bei, bila bunduki wala amri.

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima mashuleni. Sheria hiyo ni njema, ila haifuti kumbukumbu. Kazi hiyo ni yetu. Hatuna budi kuhakikisha kwamba mtoto wa Arua analisikia neno “simama” kwanza darasani, anapoitwa kujibu swali.