Kutoka Kipande hadi Kitambulisho: Karatasi za Safari Mpakani Busia na Tororo

Anayetaka kutoka Busia ya Uganda kwenda kupumzika Unguja atapita Kenya, aingie Tanzania, kisha apande meli Dar es Salaam. Kabla ya nauli, inambidi afikirie karatasi: pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi hudhani karatasi hizi huwa nyingi kwa sababu safari ni ndefu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba historia ya mpaka wetu inasema vingine. Tangu mwanzo, uzito wa karatasi ulitegemea msafiri ni nani na serikali ilimtaka kwa lipi.

Mpaka wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko koo zinazoishi hapa. Hapo awali nchi kuanzia hapa kuelekea Naivasha ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilihamishia jimbo hilo upande wa pili, ambao baadaye uliitwa Kenya. Kwa hatua hiyo reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa chini ya utawala mmoja. Wasamia na Wateso hawakuhama hata hatua moja, lakini walijikuta wana serikali mbili.

Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901. Aliyetaka kwenda Entebbe alishuka kwenye treni akapanda meli. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alivuka Ziwa Viktoria kwa meli iliyoitwa Clement Hill. Kwa wageni wa namna yake, ziwa lilikuwa sehemu ya matembezi, na safari ile ilikaribia sana utalii wa meli tunaousikia leo. Mwaka 1931 reli iliyopitia Tororo ilifika Kampala, na abiria wa Kampala hakulazimika tena kupanda meli.

Mwafrika wa upande wa Kenya aliijua karatasi ya aina nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande. Karatasi hiyo ilikuwa na jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara wake, na ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni. Asiyekuwa nacho alitozwa faini au alifungwa. Kipande hakikumsaidia mtu kusafiri. Kilimsaidia mwajiri kumpata aliyetoroka kazini. Ndugu yake wa upande wa Uganda hakuvaa kikopo hicho, ila naye alizoea kuulizwa stakabadhi ya kodi.

Kenya iliondoa kipande mwaka 1947 ikaleta usajili wa watu wa rangi zote, lakini wanaume peke yao. Wanawake waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mwanamke wa Kenya aliyevuka na kikapu cha samaki hakuwa na kitambulisho cha kuonyesha, hata kama angetaka.

Baada ya uhuru watu walibuni njia zao. Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda pale Busia palikuwa na kipande cha barabara ambapo gari halikuweza kupita bila hati zake. Waendesha baiskeli wakaanza kubeba abiria na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na hapo likazaliwa neno boda boda. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Njia za panya zikapata wateja.

Jumuiya mpya ilileta nafuu. Pasipoti ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1999. Kuanzia Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoiingia.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina mlango, na mlango una ufunguo. Chama cha Kiswahili cha shule yetu, hapa Tororo, kilipanga safari ya Unguja. Mwenzetu mmoja alizaliwa nyumbani, mama akiwa wa upande wa Kenya na baba wa upande wa Uganda. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hakuweza kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna pasipoti. Ofisi moja ilimtuma kwa mwenyekiti wa kijiji, nyingine ikamtaka alete karatasi za mama. Siku ya safari ilifika karatasi zikiwa bado njiani, naye akabaki. Bibi yake, ambaye huvuka kuuza samaki karibu kila siku, aliniambia: "Mjukuu wangu, mimi huulizwa bei ya samaki. Jina langu hawajaniuliza."

Naona hapo ndipo historia yetu ilipofika. Kipande kilikuwa kamba ya kumfunga Mwafrika. Kitambulisho kimekuwa ufunguo, lakini kwa yule aliyeandikwa tangu kuzaliwa. Wataalamu wa mambo ya Jumuiya huzungumza sana kuhusu mihuri, maghala na foleni za malori. Kwa maoni yangu, kazi iliyobaki iko mbali na geti. Iko kwenye zahanati na vijiji vya pande zote mbili, pale mtoto anapozaliwa na jina lake kuandikwa au kuachwa. Mtoto wa mpakani akikosa cheti hicho, Mombasa na Unguja zitabaki kuwa majina anayoyasoma kitabuni, huku magunia ya mahindi yakivuka kila asubuhi.