Mfukuzwa Aliyewapa Wengine Njia

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Lakini tarehe 31 Machi, 1492, Ferdinand na Isabella, watawala wa Hispania, walitamka waziwazi: Myahudi asiyekubali kubatizwa atoke nchini kabla ya Agosti.

Miongoni mwa waliotoka alikuwamo Abraham Zacuto wa mji wa Salamanca, mtaalamu wa falaki. Yeye alikuwa amekokotoa mwendo wa jua na mwezi na kuandika majedwali kwa Kiebrania. Elimu hiyo hakuianza yeye. Kwa karne nyingi Waislamu, Wayahudi na Wakristo wa Hispania walisomeshana falaki na tiba.

Zacuto alikimbilia Ureno, akapokewa na mfalme. Mwaka 1496 majedwali yake yalichapwa huko Leiria. Faida yake ni hii: nahodha akipima kimo cha jua saa sita mchana, kisha akatazama jedwali la siku ile, hujua yuko umbali gani kutoka Ikweta. Kwa mabaharia wa Ulaya waliozoea nyota ya kaskazini, ambayo huku kusini haionekani, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Lakini Desemba ya mwaka ule ule Mfalme Manuel wa Ureno naye aliamuru Wayahudi na Waislamu waondoke. Mwaka 1497 Wayahudi wengi walibatizwa kwa nguvu. Zacuto akatoroka tena. Manahodha wa Kireno wakabaki na majedwali yake. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita mbele ya mlango wa Ruvuma wetu zikielekea Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Wareno wakaja kwa nguvu na kuipora Kilwa. Elimu, ndugu zangu, haimchagui mtumiaji.

Na Zacuto je? Alipata hifadhi Tunis, katika nchi ya Waislamu, na huko mwaka 1504 akakamilisha kitabu cha historia ya wanazuoni wa Kiyahudi. Tusidanganyane: si kila mtawala wa Kiislamu alikuwa mpole. Karne ya 12 tabibu Musa bin Maimon, mzaliwa wa Cordoba, aliukimbia ukali wa watawala wa Almohadi. Lakini aliheshimiwa Misri, nayo pia ilitawaliwa na Waislamu. Basi tusiipime dini kwa mfalme mmoja.

Sisi wa Naliendele na Mtwara yote tunalijua jambo hili. Kutoka Msumbiji wamevuka Ruvuma watu wengi, wengine wakitafuta kazi ya mkonge, wengine wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Walikuja mikono mitupu, lakini baadhi yao walikuja na ufundi wa kuchonga vinyago vya Kimakonde, ambavyo leo vinaipa sifa nchi yetu.

Anayebisha hodi usiku, msikilizaji, usitazame furushi lake tu. Muulize anajua nini.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.