Uvumbuzi na Ugunduzi katika Historia ya Hataza

Miongoni mwa majalada yaliyofika mezani petu hivi karibuni ili yasahihishwe lugha, lilikuwamo moja lenye rasimu ya maelezo ya sheria ya hataza, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Kwa jumla tafsiri ilikuwa safi. Lakini katika ukurasa wa pili tulikuta sentensi isemayo: "Uvumbuzi, pamoja na nadharia za kisayansi na za kihisabati, hautapewa hataza." Maadam hataza ni haki apewayo mvumbuzi, neno moja lilikuwa limeifuta sheria nzima. Mfasiri alikusudia kusema ugunduzi.

Hatukumlaumu. Maneno haya mawili yamekuwa yakibadilishana nafasi katika vitabu vyetu kwa muda mrefu. Kwa asili, kuvumbua ni kukifichua kitu kilichokuwa kimefichika, na kugundua ni kukishtukia kitu, au kumfuma mtu bila mwenyewe kutambua. Yote mawili, basi, yalihusu kitu ambacho tayari kipo. Vitabu vya historia viliwaita wavumbuzi wale Wazungu waliofika kwenye Ziwa Viktoria katika karne ya 19, kana kwamba wenyeji hawakuwa wakivua samaki humo tangu zama za mababu zao. Baadaye, kadiri masomo ya sayansi na ufundi yalivyoenea, uvumbuzi ukaelekea upande wa kutengeneza kitu kisichokuwapo, na ugunduzi ukabaki upande wa kukikuta kilichokuwapo. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kuifuata historia ya hataza yenyewe, kwa nini mgawanyo huo hauna budi kushikwa.

Waingereza walilipata jina lao la hataza kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuwa wazi. Mfalme alikuwa akitoa barua za namna mbili: zile zilizofungwa kwa lakiri, zisomwe na mwandikiwa peke yake, na zile za wazi, zenye muhuri unaoning'inia chini, zisomwe na kila mtu. Haki ya mtu kutengeneza kitu fulani peke yake ilitolewa kwa barua za namna ya pili. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwani wengi hudhani kwamba hataza ni kufuli. Kumbe ni mapatano: mvumbuzi huiweka siri yake hadharani, na dola humpa miaka kadhaa ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuitumia bila idhini yake. Jamhuri ya Venice iliyaandika mapatano hayo katika sheria yake ya mwaka 1474, ikatoa miaka 10. Bunge la Uingereza liliweka miaka 14 katika sheria ya 1624, yaani mara mbili ya miaka 7 ambayo mwanagenzi alimtumikia fundi wake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kufanya kazi mwaka 1995, uliweka muda usiopungua miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi.

Uwazi huo ndio uliomponza Richard Arkwright. Mwaka 1769 alipata hataza ya mashine ya kusokota nyuzi za pamba, na mwaka 1771 akaanzisha huko Cromford kiwanda kilichoendeshwa kwa nguvu za maji. Mwaka 1775 alipata hataza ya pili, ya mashine za kuichana na kuiandaa pamba kabla haijasokotwa. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1785 hataza hiyo ya pili ilifutwa, na moja kati ya sababu ni kwamba maelezo yaliyoambatanishwa yalikuwa ya kufumbafumba kiasi kwamba fundi asingeweza kuijenga mashine kwa kuyasoma. Tajiri wa viwanda alipoteza haki yake kwa ajili ya maandishi mabovu. Sisi tunaoshinda tukipima maneno tunakiri kwamba habari hii ilitufurahisha kidogo.

Katika ufundi wa magari kisa kilicho mashuhuri zaidi ni cha George Selden, mwanasheria wa mji wa Rochester, Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa hasa hizo hataza. Mei 1879 alipeleka ombi la hataza ya gari liendalo kwa injini ya mafuta, ilhali hakuwa amejenga gari lenyewe. Kisha, kwa kulirekebisha ombi mara kwa mara, alilichelewesha miaka 16. Katika muda huo Karl Benz aliomba hataza yake huko Ujerumani tarehe 29 Januari 1886, akapewa namba 37435, na magari yakaanza kuonekana barabarani. Hataza ya Selden ilipotolewa tarehe 5 Novemba 1895, ilikuwa na miaka 17 ya kuishi mbele yake, na biashara ya kuitoza ilikuwa tayari imezaliwa. Mwaka 1903 watengenezaji wengi walijiunga katika chama na kukubali kulipa asilimia 1.25 ya bei ya kila gari. Henry Ford alikataa, akashtakiwa.

Ford alishindwa mwaka 1909. Alikata rufani, na Januari 1911 mahakama ya juu ikatoa hukumu ambayo kila msanifu wa istilahi angefaa kuijua. Hataza, walisema majaji, ni halali. Lakini injini aliyoieleza Selden ni ya aina ya Brayton, na injini za Ford, kama za takribani watengenezaji wote, ni za aina ya Otto. Kwa hiyo Ford hakuivunja. Kwa miaka 15 na zaidi neno injini lilikuwa limeachwa lifunike vitu viwili visivyofanana, na watu walikuwa wakilipa fedha kwa sababu ya mfuniko huo. Hataza yenyewe ilikuwa imebakiza muda usiofika miaka miwili.

Hata hivyo, katika nguo na magari hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kitu kinachobishaniwa kimetengenezwa na mtu. Shaka iliingia pale hataza zilipowafikia viumbe hai. Mwaka 1873 Ofisi ya Hataza ya Marekani ilimpa Louis Pasteur hataza ya hamira isiyokuwa na vijidudu vya maradhi, ikihesabiwa kuwa bidhaa iliyotengenezwa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1972, Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, aliomba hataza ya bakteria. Alikuwa amewatia kwa pamoja vipande kadhaa vya vinasaba viitwavyo plasmidi ili waweze kuyavunjavunja mafuta ghafi. Ofisi iliikubali njia ya kuwatengeneza, ikawakataa bakteria wenyewe kwa kuwa ni viumbe hai. Shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa, na tarehe 16 Juni 1980 majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba uhai wa kitu si hoja. Hoja ni kama kitu hicho ni kazi ya maumbile au ni kazi ya mikono ya mtu. Bakteria wa namna ile hawakuwapo popote duniani kabla ya Chakrabarty.

Mizani hiyohiyo ilitumika tena tarehe 13 Juni 2013, safari hii upande wa pili ukawa mzito. Kampuni ya Myriad Genetics ilikuwa imepata mahali zilipo jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo mabadiliko yake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, ikachukua hataza juu yake. Majaji wote 9 walisema kwamba kuzitenga jeni hizo kutoka mwilini hakukuzifanya kuwa kitu kipya, ijapokuwa kazi ya kuzitafuta ilikuwa kubwa. Waliruhusu tu ile DNA ya nakala itengenezwayo maabara, ambayo vipande visivyobeba maelekezo ya protini vimeondolewa. Kwa Kiswahili chetu hukumu hiyo yaelezeka bila taabu: kampuni iligundua jeni, na kwa hizo jeni zenyewe haikuvumbua kitu.

Hapa hatuna budi kumwonya mfasiri juu ya mtego mmoja. Katiba ya Marekani ya 1787, inapolipa Bunge uwezo wa kuwalinda wavumbuzi, huiita kazi yao kwa neno ambalo leo tungelifasiri "magunduzi", na sheria yao ya hataza hadi sasa humtaja mtu "avumbuaye au agunduaye". Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973, kwa upande wake, unasema wazi kwamba ugunduzi si uvumbuzi. Neno la Kiingereza ni lilelile. Maana zake kisheria zinapishana. Mwenye kufasiri neno kwa neno bila kujua anafasiri sheria ya nani, atajikwaa.

Sheria zetu za Afrika Mashariki zimefuata mkondo wa Ulaya. Sheria ya Hataza ya Tanzania ya 1987 inautaja uvumbuzi kuwa ni ufumbuzi wa tatizo mahususi katika uwanja wa teknolojia, kisha inauweka ugunduzi kando. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwandani ya 2001 vilevile. (Wapiga chapa wawe macho: uvumbuzi na ufumbuzi katika sentensi moja ni mtihani wa macho na wa vidole.) Tangu marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, sentensi kama ile ya jalada letu si jambo la mfasiri na mhariri wake tu, kwani yaweza kusomwa mbele ya hakimu.

Wapo waliopendekeza tuliache neno uvumbuzi tutumie ubunifu. Pendekezo hilo hatukuliafiki. Kubuni kunachukua pia hadithi na uongo, na ubunifu umekwisha kuzoeleka kwa sura na mapambo ya bidhaa, ambayo hulindwa kwa haki nyingine kabisa.

Rasimu ile tuliirudisha ikiwa imesahihishwa mahali pawili. Pa kwanza ni hapo palipokwisha kuelezwa. Pa pili ni neno madai, ambalo mfasiri alilitumia kwa zile ibara za mwisho wa ombi ambazo huweka mipaka ya haki, zile zilizomwangusha Selden. Neno ni zuri, ila mahakamani madai ni mashtaka na katika biashara ni deni, na ukurasa mmoja wa rasimu ulikuwa nayo yote matatu. Kwa sasa tumeandika "madai ya hataza" kila yanapotajwa, nalo suala tumelipeleka kwenye kamati ya istilahi. Wasomaji walio na neno bora wanaombwa watuandikie.