Unashuka wapi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa narudi kutoka Lilongwe. Katika minibasi nikakaa karibu na mwanafunzi mmoja Mmalawi, tukapiga story vizuri sana mpaka akaniuliza: unakaa wapi? Nikamjibu, Dowa. Sikusema uongo kabisa, maana kambi yetu iko wilaya ya Dowa. Lakini tulipofika Dzaleka, watu wakashuka na mifuko yao, mie nikabaki nimekaa. Niliogopa anione nashuka pale. Nikapita hadi Dowa boma, nikalipa nauli ya zaidi, halafu nikarudi kwa miguu jua likiniwakia kichwani.

Leo ndiye mimi ninayefundisha vijana kujiamini. Chekeni tu.

Katika semina tunapewa zoezi la kioo: kijana ajitazame, aseme "mimi ninaweza, mimi nina thamani". Ndugu zetu wa mashirika msikasirike, zoezi si baya. Lakini linachukulia kwamba kijana alijidharau yeye mwenyewe, kama vile ni ugonjwa uliomwota kichwani. Mie naona kwetu hapa dharau ina historia yake, na inaanzia kwenye jina.

Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Katika utawala wa Kamuzu Banda, serikali ilifungia hapa watu wa siasa walioonekana kuwa wapinzani. Jina lenyewe ni la Kichewa, na maana yake ni kama mtu anasema "nitaacha, sitarudia tena". Sisi tunaosikia Kirundi hatuhitaji hata mkalimani, maana kureka ni kuacha. Ni jina la kumfanya mfungwa akiri kosa kila anapotaja mahali alipo.

Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Mwaka huohuo mahali hapa pakafunguliwa kwa wakimbizi wa Rwanda, Burundi na Kongo. Pangetosha watu kama elfu kumi na kidogo, leo tumepita elfu hamsini. Gereza lilikwisha, jina likabaki. Mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye hajakosea mtu, akiulizwa anakaa wapi anajibu: Sitarudia Tena. Na akitoka nje, awe Mkongo, awe Mnyarwanda, ataitwa Burundi tu.

Juu ya jina kuna sheria. Malawi ilikubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini iliweka mipaka yake, hasa kwenye kazi na kutembea huru. Sasa kujithamini na kujiamini ni vitu viwili. Kujithamini ni bei unayojiwekea mwenyewe moyoni. Kujiamini ni kujua kwamba ukijaribu kitu utakiweza, na hiyo haiji bila kujaribu. Kijana aliyemaliza sekondari akakaa miaka mitano bila kuruhusiwa kujaribu, ataijuaje nguvu yake?

Novemba 2014, mshairi Mkongo anayeitwa Menes La Plume, mkimbizi kama sisi, alianzisha tamasha la Tumaini hapahapa kambini. Wengi walidhani amechanganyikiwa. Nani atatoka Lilongwe kuja kucheza muziki kwa wakimbizi? Wakaja. Baadaye ikawa wageni wanaweza hata kulala katika nyumba zetu, na mwaka mmoja sisi pia tulipokea mgeni. Mama alilalamika wiki nzima: "Atalala wapi? Matela ni mbili!" Siku ilipofika akapika ugali na sombe, mgeni akala, akaomba tena. Akamuuliza Mama sombe inapikwaje. Mama alimweleza kwa Kichewa kibovu na mikono miwili, toka kutwanga mpaka mafuta ya mawese. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akimfundisha mtu kitu. Kwetu Uvira alikuwa mwalimu. Mie nilijua hivyo kwa kusikia tu.

Lakini sitaki kudanganya. Tamasha ni siku chache, na mwaka una siku 365. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi mijini warudi kambini, na kuanzia Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Wakafika watu waliokuwa na maduka, watoto wao wakitoka katikati ya masomo. Binti mmoja wa miaka kumi na sita akaingia kikundi chetu, akasikiliza somo la kioo mpaka mwisho, kisha akasema: "Yaya, baba alikuwa anajiamini sana. Alikuwa na duka Lilongwe. Sasa anashinda amelala." Sikuwa na jibu. Nilifunga daftari, tukaenda nyumbani.

Tangu hapo kioo tumekiweka kando. Kila kijana anaenda kumuuliza mkubwa wa nyumbani kwake: kabla ya hapa ulikuwa unafanya nini, na kazi hiyo inafanywaje? Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika alitueleza uvuvi wa dagaa usiku kwa taa, saa mbili nzima, akakasirika tulipotaka kufunga. Yule binti alimhoji baba yake. Mara ya kwanza baba alimfukuza. Mara ya tatu akamwonyesha jinsi ya kukadiria bei ya gunia la mchele kabla ya kulifungua.

Mwezi uliopita nilisafiri naye na wenzake wawili kutoka Lilongwe. Kondakta akaja kudai nauli, akamuuliza anashuka wapi. Akanitazama kwanza. Mie nikatazama dirishani, kwa sababu kweli sikujua atasema nini, wala nilikuwa sitaki kumsaidia.

"Dzaleka," akasema, na akadai chenji yake.